Hamira, Seleniumi na Vidonge vya Mkobani



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya hamira. Najua wapo watakaoniuliza: bwana, mambo ya nchi yamekwisha hata utupeleke jikoni? Wala sikusudii kuwafundisha kina mama wa Unguja namna ya kuumua unga. Hiyo ni kazi wanayoijua kunishinda mimi na walionisomesha.

Kilichonileta kwenye hamira ni barua mbili nilizoandikiwa, na watu kadhaa walionisimamisha njiani, Darajani na Mlandege, kuniuliza habari za vidonge vinavyouzwa katika makopo yaliyoandikwa kwa lugha za kigeni kwamba ndani yake mna hamira yenye seleniumi. Barua moja imetoka kwa mama mmoja wa Mkoa wa Kaskazini Unguja. Anasema binti yake anaishi na virusi vya UKIMWI na anatumia dawa za hospitali. Amepita mchuuzi mwenye mkoba, akamwambia kuwa vidonge vile vinashinda dawa kwa sababu vinatokana na chakula, na chakula hakina madhara. Bei yake si ya kuchezea. Mama anauliza: "Mwanangu, nimwachishe zile nimpe hizi?"

Jawabu nalitoa sasa hivi, maana swali kama hili halingoji mwisho wa mazungumzo. La, mama yangu, usimwachishe. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure hospitalini na ndizo zinazomweka binti yako katika uzima. Sababu za jawabu langu ndizo nitakazozieleza kwa dakika hizi chache, kwa kuwa mtu akikatazwa bila ya kuelezwa, mchuuzi wa pili akija atamsikiliza.

Tuanze na hamira yenyewe. Ile punjepunje ya rangi ya udongo unayoitia katika maji ya uvuguvugu si unga wala dawa. Ni kiumbe hai kilicholala. Wataalamu wanakiita Saccharomyces cerevisiae, na ni jamaa wa kuvu na uyoga. Kijiko kimoja cha chai kina mabilioni ya chembe zake, na kila chembe ni kiumbe kamili kinachokula sukari, kinachotoa hewa inayoumua unga, na kinachozaa kwa kuchipuza. Wazee wetu, kabla ya makopo ya hamira kujaa madukani, waliumulia mkate wa kumimina na vitumbua kwa tembo la mnazi. Hawakukosea, kwa sababu ndani ya tembo mna hamira ya namna hiyo hiyo.

Kila chembe ya hamira ni kiwanda cha protini. Protini ni mnyororo, mfano wa tasbihi, na punje za tasbihi hiyo zinaitwa asidi amino. Aina za punje ni 20. Zikipangwa hivi zinatoa protini hii, zikipangwa vile zinatoa nyengine. Katika aina hizo 20, mbili zina salfa ndani yake: methionini na sisteini. Naomba msikilizaji uzishike hizo mbili, maana mkasa wote wa leo unapitia hapo.

Sasa tuje kwenye seleniumi. Iligunduliwa mwaka 1817 na Jöns Jacob Berzelius, mkemia wa Uswidi, katika machicha ya kiwanda cha asidi ya salfa. Aliipa jina la mwezi kwa Kigiriki. Kwa miaka mingi, kwa upande wa viumbe hai, ilijulikana kuwa ni sumu. Ndipo mwaka 1957, huko Marekani, Klaus Schwarz na mwenzake Calvin Foltz walipotangaza jambo lililowashangaza wengi. Panya waliolishwa hamira ya aina iitwayo torula walikuwa wakiharibika ini na kufa, lakini waliopewa hamira ya kutengenezea bia walisalimika. Kilichowasalimisha kilikuwa ni kiasi kidogo mno cha seleniumi. Kumbe ile sumu, kwa kipimo chake, ni lazima kwa uhai. Na jambo hilo lilijulikana kwa njia ya hamira.

Seleniumi na salfa ni ndugu wa tumbo moja. Katika jedwali la elementi zimepangwa safu moja, moja chini ya nyengine, na tabia zao zinakaribiana sana. Hamira ikiwekwa mahali penye salfa kidogo na seleniumi ya kutosha, huchukua seleniumi ikaitumia kana kwamba ni salfa. Inatengeneza methionini ambayo mahali pa salfa pamekaa seleniumi. Punje hii mpya inaitwa selenomethionini. Mtambo wa kuunga protini unaipokea bila ya kuikagua. Ni kama tasbihi iliyotolewa punje moja ikatiwa nyengine ya ukubwa ule ule: vidole vinavyohesabu havitambui.

Je, uzalishaji wa protini unaathirika vipi? Hapa ndipo penye maneno mengi ya biashara na ukweli mchache. Seleniumi ikiwa kidogo, kiwanda kinaendelea na kazi. Protini nyingi zenye selenomethionini zinakunjika sawasawa na kufanya kazi karibu kama kawaida. Wanasayansi wanaopiga protini picha kwa miale ya eksirei wanaitia punje hiyo kwa makusudi, kwa sababu seleniumi inawasaidia kulitambua umbo la protini.

Seleniumi ikizidi mambo yanageuka. Inaanza kuingia hata mahali pa sisteini, na sisteini ndiyo inayofunga vifundo vya protini nyingi. Vifundo vikienda upande, protini inakunjika vibaya, na protini zilizokunjika vibaya zinagandamana. Papo hapo, chumvi ya seleniumi iliyozidi inazua ndani ya chembe kemikali kali zinazochoma huku na huku, hata kuharibu vinasaba. Chembe inalazimika kuacha kazi ya kukua na kuzaa ili itengeneze protini za kujihami. Ukuaji unapungua, kisha unasimama, kisha chembe zinakufa. Nyengine zinajaribu kujiokoa kwa kuigeuza sumu ile kuwa seleniumi tupu, na hapo mchuzi wa hamira unaingia wekundu unaoonekana kwa macho.

Kwa hivyo anayekwambia kwamba hamira iliyoshiba seleniumi imezidi kuwa na protini, mwambie akae kitako ajifunze. Kilichobadilika hasa ni punje zilizomo ndani ya protini. Na ukilazimisha punje hizo ziwe nyingi kupita kiasi, utapata hamira kidogo na protini kidogo vile vile.

Wenye viwanda wanalijua hilo. Wanaikuza hamira kwa molasi, ule mchuzi mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa, kama ule unaotoka katika kiwanda cha sukari cha Mahonda. Salfa wanaipunguza, na chumvi ya seleniumi wanaitia pole pole kadiri hamira inavyokua, wala hawaimwagi kwa mara moja. Kisha hamira inaoshwa, inauawa kwa moto na kukaushwa. Iliyotengenezwa vizuri huwa na takriban miligramu 2,000 za seleniumi kwa kilo, na sehemu kubwa yake iwe ni selenomethionini iliyomo ndani ya protini. Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada limetengeneza hamira ya kiasi hicho, iitwayo SELM-1, ili maabara za dunia zipate kusahihishia vipimo vyao.

Kwa nini maabara zihangaike hivyo? Kwa sababu ipo njia ya mkato. Mtu anaweza kuchukua hamira kavu ya kawaida, akaichanganya na chumvi ya seleniumi, akaandika kwenye kopo maneno yale yale. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mizani ya dukani haiwezi, wala ulimi hauwezi. Ni maabara tu inayoweza kusema kama seleniumi imeingia katika protini au imenyunyizwa juu yake kama sukari juu ya kaimati.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mimi lilinishangaza nilipolisoma. Hamira yenyewe haina haja ya seleniumi. Haina protini hata moja inayoihitaji kwa kazi. Inaibeba kwa sababu imeghilibika tu, mithili ya hamali wa bandarini anayebeba kasha asilojua lina nini. Sisi binadamu ndio wenye haja. Tuna jeni 25 za protini zinazotaka seleniumi kwa hakika, na mwili wetu unaiweka kwa kukusudia, katika punje ya 21 iitwayo selenosisteini. Baadhi ya protini hizo zinalinda chembe zetu zisiungue kwa kemikali kali, na nyengine zinaiamsha homoni ya tezi la shingo ili ifanye kazi.

Lakini haja hiyo ni ndogo mno. Kipimo kilichowekwa Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 55 kwa siku, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mwanamke mjamzito ni 60, anayenyonyesha ni 70. Upande wa juu, Wamarekani waliweka mpaka wa mikrogramu 400, na mwaka 2023 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliushusha mpaka wao hadi 255. Tazama basi jinsi njia ilivyo nyembamba. China peke yake imeyaona yote mawili. Huko Keshan, watu wa mashamba yenye udongo usiokuwa na seleniumi walikufa kwa maradhi ya moyo. Huko Enshi, miaka ya 1960, watu walinyonyoka nywele na kung'oka kucha kwa seleniumi iliyozidi. Na mwaka 2008 huko Marekani, dawa moja ya maji ya kuongeza lishe ilichanganywa vibaya kiwandani, ikatoka na seleniumi mara 200 ya ilivyoandikwa. Watu 201 walidhurika. Wengi wao walinyonyoka nywele, wakaharisha na kuumwa na viungo. Hiyo ilikuwa ni bidhaa ya dukani, yenye lebo nzuri.

Sasa nimrudie yule mchuuzi mwenye mkoba na madai yake. Sifa za hamira hii zilivuma tangu mwaka 1996, yalipotoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu 1,312 waliowahi kupata saratani ya ngozi. Waliopewa mikrogramu 200 za seleniumi kila siku katika hamira hawakusalimika na saratani ya ngozi, lakini walionekana kufa kidogo zaidi kwa saratani nyengine. Makopo yakauzwa kama karanga. Ukafanywa utafiti mkubwa zaidi, wa wanaume 35,533, mara hii kwa selenomethionini yenyewe. Mwaka 2008 ulisimamishwa kwa kuwa faida haikuonekana. Na walipoupekua upya ule utafiti wa kwanza, wakakuta kuwa waliotumia seleniumi walipata kisukari zaidi kuliko wasiotumia. Mchuuzi anakupa habari ya mwaka 1996, ya 2008 anaikalia.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki? Usidhani haya hayakupimwa. Dar es Salaam, kina mama wajawazito 913 wenye virusi vya UKIMWI waligawiwa makundi mawili: wengine walipewa mikrogramu 200 za seleniumi kwa siku, wengine kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Seleniumi haikupandisha chembe za kinga za mama, haikushusha virusi, wala haikupunguza vifo vya kina mama. Watoto waliovuka wiki sita walionekana kufa kidogo zaidi, na hilo ni jema, lakini pia kulikuwa na dalili, ingawa haikuthibitika, ya mimba nyingi zaidi kuharibika. Mombasa, wanawake 400 wenye virusi walipewa vitamini pamoja na seleniumi kwa wiki sita. Chembe za kinga zilipanda kidogo, lakini virusi katika njia ya uzazi navyo viliongezeka. Rwanda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 300 ambao walikuwa bado hawajaanza dawa walifuatwa kwa miaka miwili, na kwa waliopewa seleniumi chembe za kinga zilishuka kwa kasi ndogo zaidi. Hata hivyo virusi havikufubaa.

Mama yangu wa Kaskazini, nimekuwekea mezani ya kuifaa na ya kutoifaa. Katika tafiti zote hizo tatu hakuna hata moja iliyoonyesha kuwa seleniumi inaweza kukaa mahali pa dawa. Hamira imekosea ikachukua seleniumi badala ya salfa, na kosa hilo inaweza kuishi nalo kwa muda. Binti yako akichukua vidonge badala ya dawa, virusi vitaamka. Kama unaona hana nguvu au hali vizuri, mrudishe kwa daktari wake, na hilo kopo lichukue ukamwonyeshe.

Liko swali la pili, nalo ni la sote. Je, sisi wa visiwani tumepungukiwa na seleniumi? Wengi watasema haiwezekani, tunakula samaki. Ni kweli kwamba jodari, dagaa na samaki wengi wa baharini wana seleniumi nzuri, na vile vile mayai, maini na figo. Lakini tusijisahau. Chakula chetu kikuu ni mchele, na sehemu kubwa ya mchele huo inatoka ng'ambo. Mmea unachukua seleniumi kutoka katika udongo ulioota. Kwa hivyo tunapokula wali tunakula udongo wa watu wengine, na udongo wa watu haufanani. Utafiti wa Malawi na Ethiopia uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha wazi kuwa nafaka ile ile inatofautiana seleniumi kwa mbali sana baina ya eneo na eneo ndani ya nchi moja.

Na neno "tunakula samaki" limewahi kutudanganya. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa wakazi wa Unguja na Pemba hawawezi kupungukiwa na madini joto, kwa kuwa wamezungukwa na bahari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwakuta watoto wa skuli wenye rovu, karibu mmoja kati ya watano Unguja, na karibu mmoja kati ya watatu Pemba. Pemba takriban hakukuwa na nyumba yenye chumvi ya madini joto. Bahari ilikuwa pale pale, na upungufu ulikuwa pale pale.

Nimelitaja hilo makusudi, kwa kuwa madini joto na seleniumi zinafanya kazi pamoja katika tezi la shingo. Kaskazini mwa Kongo, ilipokuwa ikiitwa Zaire, kulikuwa na watu waliopungukiwa na vyote viwili, na walaji wakubwa wa muhogo. Watafiti waliwapa seleniumi peke yake kabla ya madini joto. Badala ya kupata nafuu, wale ambao tezi zao zilikuwa dhaifu zilizidi kudhoofika. Kilichokuwa kinapungua kweli kilipewa, na bado kikadhuru, kwa sababu kilitangulia mwenzake. Sasa kama madaktari wenye maabara walikutwa na hilo, mchuuzi mwenye mkoba atajuaje nani aanze na nini?

Rai yangu ni fupi. Kwanza, anayeingiza vidonge hivi avipitishe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na mnunuzi asione haya kuuliza kama vimesajiliwa. Pili, kopo lolote linalouzwa kwa Mzanzibari liandikwe kwa Kiswahili: kiasi cha seleniumi kwa kidonge, umbo lake, na nani asitumie. Mtu anayeuziwa kwa Kiswahili asiandikiwe onyo kwa lugha asiyoijua. Tatu, watoto wetu wapimwe kabla ya kugawiwa chochote, kwani kipimo ni rahisi kuliko majuto.

Na kwa waokaji wetu, tulizeni nyoyo. Hamira ya jikoni haina seleniumi ya kutajika, haitibu wala haidhuru, na ikishaingia ndani ya tanuri imekufa. Kazi yake ni kuumua mkate, na kazi hiyo inaiweza. Pesa za kopo moja la mkobani zinanunua mafungu mangapi ya dagaa pale Malindi? Hesabu hiyo nawaachia wenye nyumba zao.

Kinga ni bora kuliko tiba, walisema wazee, lakini hawakusema kuwa kila kinachoitwa kinga ni kinga. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.